Shingo kukakamaa: Si kila mara ni kulalia vibaya

KUAMKA asubuhi na kukuta shingo haigeuki ni jambo lililowahi kumpata karibu kila mtu mzima. Mwenye shingo hiyo akiitwa kwa nyuma hugeuka mwili mzima, hushindwa kutazama magari kabla ya kuvuka barabara, na hata kumalizia chai iliyo chini ya kikombe humtoa machozi. Nyumbani huambiwa neno moja tu: umelalia vibaya.

Mara nyingi neno hilo huwa la kweli. Siku chache zikipita shingo huachia, na habari huishia hapo. Lakini wapo watu walioambiwa hivyo hivyo, wakapakwa dawa ya kuchua, wakalazwa chini ya kitanda cha kamba wapumzike, na kesho yake wakafikishwa hospitali wakiwa hawajitambui.

Makosa yanayofanyika kuhusu shingo iliyokakamaa ni mawili, nayo yanaelekea pande tofauti. La kwanza ni kuihangaikia kupita kiasi shingo ambayo ingepona yenyewe: kuinyonga, kuivuta, kuifunga isitikisike, kumeza vidonge vya maumivu kama karanga. La pili ni kuidharau shingo iliyokakamaa pamoja na homa. Kosa la kwanza linafanyika kila siku. La pili hutokea mara chache, lakini ndilo linaloua zaidi.

Tatizo lenyewe si dogo. Uchambuzi wa kimataifa wa mzigo wa magonjwa uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kuwa watu milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo katika mwaka 2020, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Mzigo usiotuliwa

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi, sawa na dumu la lita tano lililojaa maji. Dumu hilo limewekwa juu ya pingili saba ndogo za mifupa, zilizotenganishwa na sahani laini za gegedu na kushikwa na misuli mingi iliyopangwa kwa matabaka. Upo msuli mpana unaoteremka kutoka kisogoni hadi mabegani, na chini yake upo mwingine mwembamba unaounganisha pembe ya bega na pingili za juu. Huo wa pili ndio mara nyingi unaouma mtu anapojaribu kutazama nyuma.

Kichwa kikiwa wima, mifupa hubeba sehemu kubwa ya uzito na misuli hufanya kazi ndogo ya kusawazisha. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma hulazimika kukizuia kisianguke. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo nchini Marekani, Kenneth Hansraj, alitumia hesabu za kompyuta kukadiria ukubwa wa kazi hiyo: kichwa kikiinama nyuzi 15, shingo hubeba nguvu ya kama kilo 12, kikiinama nyuzi 60, hufikia kama kilo 27, yaani zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji. Hizo ni hesabu za kompyuta, si vipimo vilivyochukuliwa kwa watu hai, na tafiti zilizofuata kuhusu simu za mkononi na maumivu ya shingo zimetoa majibu yanayopingana. Hata hivyo kanuni yenyewe haina ubishi. Anayeinama kwa saa nyingi bila kubadili mkao huichosha shingo, awe anatazama simu au anapepeta mchele.

Ndiyo maana wanaolalamikia shingo ni wa kazi nyingi: fundi cherehani, msusi pamoja na anayesukwa, karani, mwanafunzi anayesomea kitandani, dereva wa safari ndefu. Wapo pia wanaobeba mizigo kichwani. Ngata husaidia mzigo usiteleze na usiumize utosi, lakini uzito wote bado unashuka kwenye zile pingili saba. Watafiti waliolinganisha picha za shingo za wabebaji mizigo na za watu wasiobeba, waliripoti mwaka 1997 kuwa uchakavu wa pingili ulionekana kwa wabebaji mara nyingi zaidi.

Kwa aliyeamka na shingo ngumu, hata hivyo, uchakavu si kisa cha kawaida. Kinachotokea ni kwamba kichwa kimelala upande mmoja kwa saa nyingi, juu ya mto mrefu mno, au mtu amelala kifudifudi na uso umegeuzwa kando. Kiungo kidogo kati ya pingili, au nyuzi za msuli, hukasirishwa na mvutano huo. Misuli ya jirani hujikaza ili kulinda mahali palipoumia, na kujikaza huko ndiko kunakoleta ule ugumu. Kwa maneno mengine, shingo haikuharibika. Imejifunga kwa tahadhari.

Kwa sababu hiyo picha ya eksirei huwa haionyeshi kitu, au huonyesha kitu kisichohusika. Nchini Japani watafiti waliwapiga picha za mashine ya sumaku watu 1,211 waliokuwa wazima, wasio na dalili za shingo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa asilimia 87.6 kati yao walikuwa na sahani za gegedu zilizotokeza. Mgonjwa anayeonyeshwa picha na kuambiwa pingili zake zimechakaa anapaswa kujua kwamba jirani yake asiyeumwa huenda ana picha kama hiyo hiyo.

Joto, mwendo na subira

Tiba ya shingo ya namna hii haina gharama kubwa, na labda ndiyo sababu haiheshimiwi. Jambo la kwanza ni joto. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto yanayovumilika na kukamuliwa huwekwa juu ya misuli iliyokaza kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Maji ya kuoga yenye uvuguvugu hufanya kazi hiyo hiyo. Kama shingo iliteguka ghafla kwa kazi nzito, wapo wanaopata nafuu zaidi kwa barafu iliyofungwa katika kitambaa siku ya kwanza.

La pili ni mwendo. Zamani wagonjwa waliambiwa walale wasitikisike, au wavishwe kola laini ya shingo kwa majuma. Uzoefu na tafiti vimeonyesha kuwa shingo isiyotembezwa hudhoofika na kuchelewa kupona. Baada ya kukanda, mgonjwa hukaa wima kitini, hugeuza kichwa polepole kulia mpaka pale inapoanza kuvuta, husubiri kwa pumzi mbili tatu, kisha hurudi na kwenda kushoto. Halafu hulaza sikio kuelekea bega, bila kuinua bega, upande mmoja kisha wa pili. Mwisho huinamisha kidevu kuelekea kifuani. Hurudia kila zoezi mara tano, mara kadhaa kwa siku. Kuvuta kidogo kunaruhusiwa. Maumivu makali yanamaanisha amevuka mpaka. Kuzungusha kichwa duara zima kwa nguvu, kama wanavyofanya wachezaji kabla ya mechi, hakufai kwa shingo iliyokwisha kuumia.

Kuchuliwa kwa mkono mwororo, kwa mafuta ya nazi au dawa ya kuchua, hutuliza. Sifa nyingi za dawa hizo zinatokana na joto lake na mkono wa mchuaji kuliko kilichomo ndani ya kopo, lakini hakuna ubaya mradi ngozi haina kidonda.

Dawa za kumeza ndizo zinazohitaji uangalifu. Parasetamoli ikitumiwa kwa kipimo ni salama kwa wengi. Mtu mzima hapaswi kuzidisha vidonge vinane vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini hupaswa kupewa kipimo kidogo zaidi na daktari. Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi dhidi ya uvimbe wa viungo, lakini huweza kutoboa tumbo la mwenye vidonda, kudhuru figo, kupandisha shinikizo la damu na, kwa mjamzito aliyevuka wiki 20, kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vidonge hivyo huuzwa dukani kama peremende, na wapo wanaovinunua viwili viwili kila asubuhi kwa miezi kadhaa.

Usiku, mto mmoja unaojaza nafasi kati ya sikio na godoro unatosha kwa anayelala ubavu; anayelala chali ahitaji mwembamba zaidi. Kwa utaratibu huu maumivu mengi huanza kupungua ndani ya siku mbili au tatu na kwisha kabla ya wiki mbili. Yakivuka wiki sita, mgonjwa amwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye hospitali nyingi za mikoa anaye.

Mlio wa shingo

Katika vinyozi na saluni nyingi za mijini, baada ya kunyolewa mteja hupigwapigwa mabega, hukandwa kichwa, kisha kinyozi hushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akageuza kwa ghafla. Shingo hulia "ko!" na mteja hutabasamu. Wengi huamini kuwa mlio huo ni mfupa uliokuwa umehama ukirudi mahali pake.

Si mfupa. Ndani ya kila kiungo kuna ute unaolainisha. Kiungo kikitanuliwa kwa ghafla, shinikizo la ndani hushuka na uwazi wa gesi hujitokeza katika ute huo pamoja na ule mlio. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliuona mchakato huo kwa mashine ya sumaku wakitumia viungo vya vidole. Nafuu inayofuata ni ya kweli lakini ya muda mfupi, na haina uhusiano na mfupa kurudi mahali.

Hatari iko kwingine. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupanda ikipita ndani ya matundu yaliyo ubavuni mwa pingili za shingo. Shingo ikinyongwa kwa ghafla, ngozi ya ndani ya mshipa huweza kuchanika. Damu huganda penye mchaniko, na kipande cha donge hilo huweza kusafiri hadi ubongoni na kuleta kiharusi. Jambo hili ni nadra. Lakini mchaniko wa mishipa ya shingo ni miongoni mwa sababu kuu za kiharusi kwa watu wasiofikia umri wa miaka 50, yaani wale wale wanaojaza viti vya vinyozi.

Uadilifu unadai jambo la pili lisemwe pia. Mchaniko wa mshipa wenyewe huanza kwa kuumiza shingo. Kwa hiyo baadhi ya wanaokwenda kunyongwa huwa tayari wameumia bila kujua, na si rahisi kila mara kusema mkono wa kinyozi ndio ulioanza. Hilo halimpi kinyozi ruhusa. Linaongeza sababu ya kutoiguza shingo asiyoijua undani wake.

Hata kuoshwa nywele kuna tahadhari yake. Mwaka 1993 daktari Michael Weintraub alieleza katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani habari za wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele shingo ikiwa imekunjwa nyuma juu ya ukingo wa beseni. Taulo lililokunjwa chini ya shingo, au kuosha mteja akiwa ameinamia mbele, hupunguza mvutano huo.

Baada ya kunyongwa, kuanguka au hata bila sababu, mtu akipata maumivu ya shingo ya upande mmoja ambayo hajawahi kuyaona maishani, kisha kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, uso kuanguka upande au kupepesuka, asilale asubiri kupambazuke. Kiharusi hutibika vizuri zaidi katika saa za mwanzo.

Inapoongozana na homa

Kiswahili kimeupa ugonjwa mmoja jina linalopotosha. Homa ya uti wa mgongo, kama inavyoitwa, haimaanishi kuumwa mgongo. Ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti, unaoletwa na bakteria, virusi au fangasi. Mgonjwa huweza kukosa kabisa maumivu ya mgongo, na ndugu wanaosubiri mgongo uume hupoteza muda.

Utando huo ukivimba, kuinamisha kichwa huuvuta, na misuli ya kisogo hukaza kuzuia mvutano. Hapo ndipo penye tofauti. Mwenye shingo ya kulalia vibaya hushindwa zaidi kugeuka upande mmoja, na upande wa pili huwa afadhali. Akiinamisha kidevu polepole huweza kukaribia kifua, ingawa kwa kuvutika. Mwenye uvimbe wa utando huweza kugeuza kichwa kulia na kushoto kwa kiasi, bali kidevu hakiendi kifuani, na anayejaribu kumwinamisha huhisi ugumu kama wa ubao.

Ugumu huo hauji peke yake. Huja na homa, kichwa kuuma vibaya, kutapika, kuchukia mwanga, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuchanganyikiwa au degedege. Kwa namna moja ya bakteria hutokea pia madoa ya damu chini ya ngozi. Kwa mtu mweusi yatafutwe viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kaakaani, mahali yanapoonekana kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo ni kosa kuifanya shingo kuwa hakimu pekee. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwahusisha watu wazima 297 walioshukiwa kuwa na ugonjwa huu. Kati ya wale waliothibitika kuwa nao, asilimia 30 tu ndio waliokutwa na shingo ngumu. Kwa ugonjwa mkali wa bakteria hali ni tofauti kidogo: uchunguzi wa matukio 696 nchini Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba homa, shingo ngumu na kuchanganyikiwa vilikuwapo vyote kwa pamoja kwa asilimia 44 pekee, lakini asilimia 95 ya wagonjwa walikuwa na angalau mawili kati ya manne, yaani maumivu ya kichwa, homa, shingo ngumu na kuchanganyikiwa. Mawili yanatosha kuanza safari ya hospitali.

Mtoto mchanga ndiye anayedanganya zaidi, kwani shingo yake huweza kubaki laini kabisa. Kwake hutazamwa utosi uliotuna, kukataa kunyonya, kilio chembamba kisichonyamazika hata akibebwa, au ulegevu.

Katika nchi za Afrika Mashariki kuna mtego mwingine, nao ni malaria. Mgonjwa ana homa, kichwa kinauma, kipimo cha haraka kinaonyesha vimelea, anapewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani. Lakini mahali penye malaria nyingi mtu huweza kuwa na vimelea katika damu na papo hapo akawa na ugonjwa mwingine unaomuumiza. Kipimo cha malaria kilichoonyesha vimelea hakiifuti shingo iliyokakamaa; mhudumu anapaswa kuambiwa habari ya shingo hata kama hakuuliza.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mtu mmoja kati ya sita wanaopata uvimbe wa utando wa bakteria hufa, na mmoja kati ya watano hubaki na madhara makubwa, yakiwamo uziwi na kifafa. Sindano za viuavijasumu kama seftriaksoni huokoa maisha zikianza mapema. Saa zinazopotea katika kuchua na kufukiza ndizo hizo hizo zinazohitajika.

Hofu ya sindano ya mgongoni

Wengi waliofikishwa hospitali kwa wakati hukwama katika hatua moja. Daktari anaomba kuchukua maji ya uti wa mgongo, na ndugu wanakataa. Sababu inajulikana vijijini na mijini: "akichomwa mgongoni atapooza," au "fulani alichomwa, hakutoka."

Hofu hiyo haikutoka hewani. Kipimo hufanywa kwa watu mahututi, na baadhi yao hufa. Jirani hukumbuka sindano, hakumbuki ugonjwa. Lakini umbo la mwili lenyewe linajibu. Uti kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali ambapo kuna maji na nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea tu. Uti hauguswi. Madhara ya kawaida ni kuumwa kichwa kwa siku kadhaa na maumivu kidogo mahali palipochomwa. Pale daktari anapohofia shinikizo kubwa ndani ya kichwa, au penye tatizo la damu kutoganda, yeye mwenyewe huahirisha kipimo na kuanza dawa kwanza.

Bila maji hayo ni vigumu kujua adui ni nani, na dawa zinatofautiana sana. Bakteria wa kawaida hutibiwa kwa siku chache hadi wiki mbili hivi. Kifua kikuu cha utando huhitaji miezi mingi. Fangasi aitwaye kriptokokasi, anayewashambulia hasa watu wenye virusi vya ukimwi ambao kinga yao imeshuka sana, hutibiwa kwa dawa nyingine kabisa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba mpya inayoanza kwa dozi moja kubwa ya mshipani, baada ya majaribio yaliyowahusisha wagonjwa wa nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwamo. Magonjwa hayo mawili ya mwisho huja polepole, kwa maumivu ya kichwa yanayozidi kwa majuma, na shingo huweza isikaze mpaka mwishoni.

Mfano wa thamani ya kipimo hicho ulionekana Septemba 2021, wakati Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotangaza mlipuko katika eneo la Banalia, mkoani Tshopo. Kufikia tangazo hilo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 261 wa kushukiwa na vifo 129. Maabara ya taasisi ya Pasteur mjini Paris ndiyo iliyothibitisha aina ya bakteria, na baada ya hapo ikawezekana kupeleka dawa na chanjo inayofaa.

Chanjo zimekwisha kupunguza aina kadhaa za ugonjwa huu kwa watoto. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2001 na ya nimonia mwaka 2011. Tanzania iliingiza ya nimonia katika ratiba ya watoto mwaka 2013. Bakteria wanaozuiwa na chanjo hizo mbili ni miongoni mwa wanaoshambulia utando wa ubongo, jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi kliniki.

Mengine ya kuangaliwa

Shingo iliyoumia kwa ajali ina kanuni zake. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au mwembe, aliyetupwa na bodaboda, au aliyeanguka na mzigo kichwani asiinuliwe kwa kushikwa kwapa na kupakizwa garini akiwa amekaa. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa sambamba na kiwiliwili, na wengine wambebe kwa pamoja juu ya ubao au mlango. Ganzi, udhaifu wa mkono au mguu, au kuumwa katikati kabisa ya mfupa wa shingo huongeza shaka ya kuvunjika.

Maumivu yanayoteremka mkononi hadi vidoleni, kama umeme, huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa. Wengi hupona bila kupasuliwa, ila wahitaji kuonwa na daktari. La haraka zaidi ni pale vidole vinaposhindwa kufunga vifungo vya shati, miguu inapokuwa mizito au mkojo unapokosa kudhibitiwa. Hapo uti wenyewe umebanwa. Kupungua uzito, jasho la usiku na shingo inayouma mfululizo hata mtu akiwa amelala humfanya daktari afikirie kifua kikuu cha mifupa au saratani.

Shingo ngumu inayoambatana na taya kushindwa kufunguka, baada ya kidonda cha msumari au jembe hata kama kimekwisha kukauka, ni pepopunda mpaka ithibitike vingine.

Tatizo la mwisho ni lile linalopelekwa kwa waganga kuliko mengine yote. Kijana amekwenda zahanati akitapika, amepewa metoklopramidi, na jioni shingo yake inapinda upande mmoja, macho yanageukia juu, ulimi unatoka. Nyumbani husemwa amepandwa na jini. Hali hiyo ni athari inayojulikana ya dawa hiyo, na pia ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperido, na huwapata zaidi vijana na watoto. Sindano moja ya dawa pinzani kwa kawaida huifungua shingo ndani ya dakika chache. Kinachotakiwa ni ndugu kubeba pakiti au cheti cha dawa aliyopewa mgonjwa, na jina la dawa hiyo kuandikwa kwenye daftari lake la matibabu ili asipewe tena.